Maporomoko ya Usicheke

Chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu kimepoteza sauti yake ya zamani. Kwa miaka mingi, aliyepita barabarani aliisikia sauti ikitoka dirishani, nzito, yenye huzuni, kama ya hakimu anayesoma hukumu isiyomfurahisha: inua kidevu, tazama hapa, usicheke. Kisha mwanga mkali. Kisha kimya kidogo. Kisha sauti ileile, sasa imeumia: nimesema usicheke. Leo ukipita pale dirisha liko wazi, pazia linapepea, na hakuna anayemkataza mtu furaha yake.

Msilie. Mwenyewe hajafa. Ameponzwa na maji tu, na hata kuzama hakuzama sana.

Kaka yangu alikuwa mpiga picha za pasipoti na vitambulisho, na mtaa mzima ulimwita Usicheke. Hakuna mtu mzima katika mji wetu ambaye hakuwahi kununa mbele yake. Harusi hakupiga, kwa kuwa harusini watu wana meno. Watoto hakuwapenda, kwa kuwa hawatulii. Alichotaka ni uso mmoja, shuka moja jeupe nyuma yake, na utii. Kwa ujuzi huo alijihesabu kuwa bingwa wa picha duniani. Wa pili, alisema, mama yake bado hajaolewa.

Simu zilipojifunza kupiga picha, wateja wake walipungua kama kisima cha kiangazi. Wakati huohuo, koridoni mwa nyumba hiyohiyo, palikuwa na foleni. Shemeji yangu, mkewe, ni fundi cherehani, na alishonea pale amebanwa kama uzi ndani ya tundu la sindano. Wateja wake walijaribu nguo nyuma ya pazia la bafu, mmoja ndani, mwingine akishika pazia lisipeperuke. Kila alipoomba apewe chumba cha mbele, kaka yangu alimjibu kwamba sanaa haihamishwi kama kuku.

Ndipo akaja daktari.

Alikuja kupigwa picha ya kitambulisho, mtu mpole, daktari wa zahanati mpya iliyokuwa ikimaliziwa kupakwa rangi. Huku akinyanyua kidevu alivyoelekezwa, akataja kwamba ukumbi wa kusubiria ulikuwa mtupu, na kwamba alikuwa anafikiria kununua dukani picha kubwa ya milima yenye theluji, ili wagonjwa watulize macho.

Kaka yangu aliishusha kamera kana kwamba ametukanwa ukoo. Akamuuliza daktari itakuwaje wagonjwa wetu wafe wakitazama mlima usiojulikana uliko, ilhali maporomoko tunayo, nyumbani, ng'ambo ya vilima tu. Yeye binafsi angeyapiga picha, na watu wangekuja zahanati hata wasioumwa.

Daktari aliuliza kwa adabu kama aliwahi kupiga picha ya mandhari.

"Daktari," kaka yangu akasema, "mimi nimetuliza nyuso za watu. Maji yatanishinda nini? Maji hayana hata kope za kupepesa."

Koridoni cherehani ilinyamaza. Wanaomjua shemeji yangu huogopa ikinyamaza kuliko ikinguruma. Alitokea mlangoni na futi shingoni, akamsubiri daktari aondoke, kisha akaweka masharti yake bila kupandisha sauti. Picha ikitundikwa ukumbini kwa daktari, na ikakaa, chumba cha mbele ni cha mumewe mpaka azeeke, na yeye hatakitaja tena. Ikikataliwa, au ikishushwa, cherehani inahamia mbele.

Kaka yangu alitoa mkono kabla sentensi haijaisha. Mimi nilikuwa nimekuja kuazima ngazi, nikafanywa shahidi.

Sasa, mwenye akili angeyapiga picha maporomoko wakati jua linawaka. Lakini ufunguzi wa zahanati ulikuwa umekwisha kupangiwa siku na mgeni rasmi, na masika yalikuwa yameingia kwa vishindo, mvua ikinyesha kama inayolipiza kisasi. Kila asubuhi kaka yangu alisimama mlangoni, akalikazia anga jicho lilelile lililowanyoosha makarani na walimu wakuu. Anga halikuinua kidevu. Ulipokaribia ufunguzi alitangaza kwamba hali mbaya ya hewa ndiyo aliyokuwa anaisubiri siku zote. Picha ya juani, alisema, hata mbuzi anaweza kupiga.

Tulikwenda watatu. Mimi kama mchukuzi. Shemeji yangu kama mlinzi wa masharti, asije akaletewa picha iliyonakiliwa kwenye kalenda ya kinyozi. Alivaa koti la mvua alilolishona mwenyewe kutokana na turubai, akaonekana kama hema linalojua linakokwenda. Kaka yangu alivaa suti na viatu vyeusi vya ngozi. Katika mizigo niliyobeba mlikuwa na kamera, stendi yake ya miguu mitatu, kigoda, mwavuli mweupe wa studio, kitana, na shuka jeupe lililopigwa pasi.

Nilimuuliza shuka la nini.

"La nyuma," alisema.

"Nyuma ya nini?"

Akanitazama kwa huruma, akaniambia kubeba na kuelewa ni kazi mbili tofauti.

Gari la kukodi lilitushusha barabara ilipokata tamaa. Tukatembea kwenye tope lililotushika miguu kama mdai, hadi tukafika ukingoni, mkabala na maporomoko. Nasema mkabala kwa kuamini tu, maana hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni tele. Mngurumo tuliusikia, mkubwa, wa kutisha, ukitoka katikati ya weupe mtupu.

"Shuka hatulihitaji," alisema shemeji yangu. "Mungu amekwisha tandika."

Kaka yangu aliisimamisha kamera, akaketi kwenye kigoda, akaufungua mwavuli juu ya kichwa chake kwa mbwembwe za waziri anayeshuka kwenye ndege. Ule mwavuli wa studio hutengenezwa kwa kitambaa chepesi cha kupitisha mwanga. Ukapitisha na mvua. Kwa muda alikaa akidondokewa na kila tone lililoanguka, lakini kwa utaratibu, limechujwa. Mkewe alipouliza mwavuli gani huo, alieleza kwamba kazi yake ni kulainisha. Upepo ulipoupokonya, tuliutazama ukielea juu ya bonde kama roho ya mtu mwema, ukaingia ukunguni, ukaenda zake.

Tulisubiri. Katika kusubiri kule kulikuwa na kitu kizuri ambacho sikukisema, kwa sababu hatukuja kwa ajili hiyo. Mvua ililainika, mawe meusi yakatokea moja moja chini yetu, na harufu ya majani yaliyopondwa ikapanda. Halafu ukungu ukapasuka kama pazia lililovutwa na mtu mwenye haraka, na maporomoko yakawa mbele yetu yote, meupe, marefu, yakijitupa bila kuomba ruhusa.

Mtu mwingine angebofya. Kaka yangu alifanya alichokuwa amekifanya maisha yake yote. Aliinua mkono wa kushoto, akayatazama maporomoko kwa ukali, akayaambia yatulie. Akayaagiza yasogee kulia kidogo. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kuyakataza kucheka, ukungu ukafunga.

Shemeji yangu alilazimika kushika mti.

Mara ya pili aliapa hatasema neno. Mwanga ulikuwa hafifu mno, basi akaitega kamera ikae jicho wazi muda wote atakaokuwa amebana kitufe, na kitufe chenyewe kilikuwa mwishoni mwa waya mrefu, ili aketi mbali asiitikise. Upepo ulikuwa umeanza kuyumbisha stendi. Akatazama huku na huku, akamwomba mkewe aishike. Nilidhani atakataa, chumba chake cha mbele kilikuwa kinaning'inia kwenye miguu ile mitatu. Alipiga magoti matopeni, akaikumbatia.

Ukungu ukafunguka. Kaka yangu akabana kitufe. Na kigoda, kilichokuwa kinazama taratibu kwa heshima tangu asubuhi, kikaamua kuondoka.

Hakuanguka. Kuanguka ni kwa watu wa kawaida. Aliteremka ule mteremko akiwa ameketi, mgongo wima, tai kifuani, kama sultani anayepelekwa barazani kwake na watumwa wasioonekana. Kidole hakikuachia kitufe. Waya ulinyooka, ukanyooka, yeye akapita mbele ya kamera yake mwenyewe akisema maneno ambayo marehemu baba hakumfundisha, kiatu kimoja kikabaki juu ya jiwe, naye akaingia kidimbwini. Hapo ndipo waya ulipochomoka, na kamera ikafumba jicho.

Alisimama, maji kiunoni.

"Umeumia?" mkewe akaita.

"Kamera je?"

"Kamera nzima. Nimekuuliza wewe."

"Kama kamera ni nzima, na mimi mzima."

Tukiwa njiani kurudi, yeye akitangulia na kiatu kimoja, nilimwuliza shemeji yangu kwa nini hakuiachia tu ile stendi, mchezo ukaisha. Akasema anataka chumba, hataki kununiwa ndani ya nyumba mpaka kiama.

Na picha, jamani, ilitoka nzuri. Sitamwonea kaka yangu wivu. Kwa kuwa jicho la kamera lilikaa wazi safari yake nzima, maji yalitoka laini kama hariri inayomiminwa. Yeye mwenyewe, kwa kupita mbio, hakuonekana kabisa. Kilichotulia ni kiatu. Kilionekana juu ya jiwe, chini kulia, cheusi, kimeelekeza pua majini. Ilipochapwa kubwa kama mlango na kutundikwa ukumbini mkabala na mabenchi, daktari aliuliza yule ni ndege gani. Kaka yangu akajibu bila kupepesa kwamba ni ndege wa majini, adimu. Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi alisema kwao utotoni walikuwa wengi.

Tangu hapo kaka yangu hakukanyaga chini. Alikwenda zahanati kila asubuhi, akasimama pembeni ya picha mikono nyuma, akiwaeleza wagonjwa yaliyomkuta bondeni. Katika masimulizi hayo kigoda hakikuwepo, na dhoruba iling'oa miti. Mkewe koridoni alishona kimya, na chumba cha mbele hakukitaja. Neno lake ni neno.

Shida ilianza kidogokidogo, kama shida zote za maji.

Muuguzi aliita jina, hakuna mtu. Akaita la pili, hakuna mtu. Mabenchi yalikuwa na mikoba, fimbo na makoti, wenyewe hawapo. Wote walikuwa wamejipanga nje ya choo, wakigombana nani alitangulia. Waliokuja na kikohozi, waliokuja na jino, mzee aliyekuja na kifundo cha mguu kilichoteguka, ambaye alichechemea kwenda na kurudi hadi kifundo kikazidi kuvimba. Mfagizi alitua ndoo akasema yeye ni mmoja, hawezi kusafisha choo cha mji mzima. Daktari aliingiwa na hofu kwamba mji mzima umepata kisukari. Akapima watu wengi, wote wakatoka wazima, naye akazidi kuogopa.

Muuguzi ndiye aliyemtoa gizani.

"Daktari, hawa hawaumwi," alisema. "Ile picha inakojoza watu."

Daktari ni msomi, hakubali jambo kwa kusikia. Aliketi benchini mwenyewe, akayatazama maporomoko kwa nia ya kufanya uchunguzi wa kisayansi. Uchunguzi hakuumaliza. Aliporudi, akijifuta mikono, alimwita mtu wa maabara, ambaye alikuwa na shida iliyo kinyume kabisa: kule nyuma ana chumba kidogo ambamo watu huingia na kikopo, wakafunga mlango, wakakaa humo hadi wengine wakapiga hodi, na kikopo kikatoka kikavu.

Picha ilihamishiwa chumba hicho siku hiyohiyo. Inafaa sana. Mtu wa maabara anasema haijawahi kumwangusha. Daktari, kwa heshima, alikubali jina la mpiga picha liandikwe chini yake, na limeandikwa, ila nusu yake imefunikwa na tangazo la kunawa mikono. Kaka yangu alitetea kwamba sanaa inayogusa mwili ni ya daraja la juu kuliko inayogusa macho. Lakini wageni aliotaka wasimame mbele yake na kuistaajabia, sasa huingia mmojammoja, na hakuna anayemkaribisha msanii aje kueleza.

Shemeji yangu alichukua futi, akapima chumba cha mbele, akaanzia dirishani.

Kaka yangu alikwenda zahanati kumsihi daktari airudishe, japo kwa wiki moja. Alimkuta ukumbini, kichwa mikononi, kwa jambo jingine: watu walikuwa wanaazimana kadi za matibabu, mgonjwa wa malaria akatibiwa kwa kadi ya shangazi mwenye presha. Kadi zilihitaji picha za wenyewe. Daktari aliendelea kueleza, lakini kaka yangu alikwisha acha kumsikiliza. Alikuwa ameugeukia ukuta uliobaki wazi baada ya maporomoko kuondolewa, mpana, mweupe, rangi mpya, dirisha kushoto likiumwagia mwanga uliotulia. Nilikuwepo. Sijawahi kumwona akitazama mandhari yoyote kwa mapenzi kama yale.

Yuko huko sasa, Jumatatu hadi Ijumaa, anapiga picha za kadi za wagonjwa, na cherehani inanguruma chumba cha mbele.