Pipa la Vitamini

Jumatatu, 1 Juni
Mama wa mchumba wangu amesafiri kumuuguza dada yake. Kaniachia vifaranga arobaini! Wakikua vizuri, kasema, nilete posa. Wakidhoofika, nisahau. Sharti lenyewe: kila alfajiri nichanganye unga wa vitamini kwenye maji mapya. Kila alfajiri, mtu mzima! Nimechanganya wa wiki tatu kwa mkupuo, pipa zima, nikaliacha wazi juani. Kazi kwisha.

Jumanne, 9 Juni
Balaa! Sita wanatembelea visigino, vidole vimejikunja ngumi. Shemeji, kaka yake mchumba, kachungulia akauliza kama nawafundisha kupigana. Nimecheka. Nimewaficha nyuma ya gunia la pumba.

Jumatano, 10 Juni
Kumi na mmoja! Gunia haliwatoshi. Nimekimbilia kwa muuza dawa za mifugo. Akasema hiyo ni njaa ya vitamini, na kwamba ikikaa majini siku nyingi, tena juani, huisha nguvu. Akauliza nachanganya lini. Kila alfajiri, nikasema. Nikamwambia kuna watu wazembe sana duniani. Nimerudi nikawaongezea maji ya pipa. Pia nimewakanda vidole kwa mafuta ya kupikia, kimoja kimoja. Nampenda yule binti, jamani.

Ijumaa, 12 Juni
Nimeamka saa tatu. Mchumba yuko bandani, ana jagi mkononi na pakiti mpya ya unga wa vitamini mfukoni. Kasema alikuja kufagia tu. Kisha akaniuliza, polepole, kama kweli nataka kumwoa. Nikaapa mara tatu. Akafuta macho, akasema basi niendelee kulala, asubuhi atakuwa anapita kufagia. Msafi sana huyu!

Jumatatu, 22 Juni
Mama karudi. Kakagua vidole vya wote arobaini. Wote wamenyooka! Ni kule kukanda kwangu! Akalitazama pipa, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akaniambia nilete posa upesi, kabla binti hajarudiwa na akili. Ana utani, mama yule.
Mwezi ujao wanakuja vifaranga mia mbili, nami ndiye mlezi. Lile pipa nimelikuta tupu, sijui limevujia wapi. Si kitu. Nimeshaagiza tangi. Nitachanganya unga wa mwezi mzima.