Ombi la Kurudishiwa Mlima Wangu

Kasongo, Jumatano, kabla ya kengele ya shule

Kwa Bwana Shemeji Zéphirin,
Mkubwa wa familia ya bibi yangu,
Nyangwe, njia ya kushukia mtoni

Kuhusu: mlima mmoja wa rangi ya kijani, uliochukuliwa bila ruhusa

Shemeji yangu mheshimiwa,

Baada ya kukusalimu wewe, mtumbwi wako na nyavu zako, naomba ukae chini kabla ya kuendelea, maana jambo lenyewe ni zito. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo. Siku tisa zilizopita dada yako Mado, bibi yangu wa ndoa kwa miaka ishirini na sita, alipanda moto ya Heri, ile pikipiki yake ya kubeba abiria, saa moja asubuhi akaja kwako. Hakuchukua nguo nyingi, hakuchukua redio, hata mwavuli aliuacha. Alichukua mlima.

Najua utasema hakuna mlima wowote uliofika Nyangwe. Kilichofika ni sufuria kubwa ya mashikio mawili, ile uliyotupatia wewe mwenyewe siku ya harusi. Ndiyo hiyo. Ukiipindua utaona rangi ya kijani, na pembeni nimechora miti kwa mkono wangu. Huo ndio mlima unaotenganisha Kasongo na Kabambare katika reli yangu. Bila huo mtu akisimama mlangoni anaiona njia yote kwa mara moja, mwanzo na mwisho, na wataalamu wamekataza kabisa jambo hilo.

Labda Mado hakukueleza vizuri habari ya reli, au amekueleza vizuri mno. Wewe unajua kama mimi kwamba reli ya kweli ilipita ng'ambo ya Lualaba, huko Samba, ikaenda zake na kutuacha sisi wa Kasongo na baiskeli. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuta kwenye vitabu vya zamani vya parokia gazeti la Kifaransa la watu wazima, wenye ndevu na miwani, wanaojenga reli ndogo juu ya meza: vituo, madaraja, ng'ombe wa ukubwa wa punje ya mahindi. Kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba. Nililisoma mpaka jalada likatoka. Siku hiyo nilijua ni kazi gani Mungu aliniumbia, na nyumbani tulikuwa na meza moja.

Sasa naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, jinsi ninavyowafundisha wanafunzi wangu wa mwaka wa sita.

1. Kuhusu mlima. Tangu mlima uondoke, usafiri kati ya Kasongo na Kabambare umesimama. Utaniuliza usafiri gani, kwa kuwa sina treni. Hilo nitalieleza kwenye namba tatu, tafadhali usiruke. Nataka tu ujue chanzo cha ugomvi, maana najua umesikia upande mmoja. Mimi sikumtukana mtu. Nilimuuliza Mado kwa adabu, akiwa anachambua majani ya muhogo ya kupika sombe, kama sufuria inaweza kutobolewa matundu mawili, moja la treni kuingia na moja la kutokea. Alimaliza sombe yake, tukala, tukalala, na asubuhi mlima ukawa kwenye mapaja yake juu ya moto ya Heri. Sasa mtu mwenye akili aniambie swali langu lilikuwa na ubaya gani.

2. Kuhusu vyakula vya moto juu ya vituo. Mwaka juzi dada yako aliweka chungu cha maharagwe katikati ya Kabambare, kikaacha alama ya duara nyeusi mahali nilipokuwa nimepanga soko. Sikugombana. Niliichora buluu na kuiita ziwa. Ni aibu kwangu, mwalimu wa jiografia, kuwa na ziwa Kabambare ambalo hata watu wa Kabambare hawalijui, lakini nilivumilia kwa ajili ya amani. Mwaka jana akapangusa meza kwa kitambaa chenye maji na mto wa Luama ukafutika wote pamoja na daraja lake. Nilimwambia mto hauwezi kupanguswa. Akaniambia: "Octave, nimepangusa mafuta ya mawese, mto sikuona."

3. Kuhusu swali la treni. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Kila mgeni akifika, Mado anamwonyesha meza na kusema mbele yangu: "Tangu miaka kumi na moja huyu iko anajenga gare ya treni, na treni yenyewe iko wapi?" Wageni wanacheka. Shemeji, mtu wa reli haanzi na treni. Treni inaweza kununuliwa na mtu yeyote mwenye pesa na safari ya Bukavu. Kazi yenyewe ni mpango: kona ipite wapi, njia ipande kwa kiasi gani, gari la mizigo kutoka Salamabila lipishane wapi na lile la abiria. Haraka haraka haina baraka. Nimechora mipango arobaini na mitatu, na kila mmoja nimeukataa mwenyewe, kwa sababu nzito. Wa kumi na tisa ulikuwa mzuri kabisa, lakini nilipouamkia asubuhi nikaona gari la kulala linasimama mbele ya machinjio. Reli za mianzi nimekwisha kupasua na kubandika, kutoka Kasongo mpaka ukingo wa meza. Na treni siyo kwamba sina kabisa. Kuna kopo la sadini lenye vifuniko vinne vya chupa. Haliendi, lakini linasimama vizuri sana kituoni.

4. Kuhusu viti. Kituo changu cha Kasongo kina chumba cha kungojea, nilichokijenga kwa kadibodi ya maziwa ya unga, na ndani nimepanga viti ishirini na vinne vya vijiti. Vilinichukua likizo nzima ya Pasaka. Mado alikuja, akaviangalia, nikadhani atasifu. Akasema: "Watu yako ya karatasi wako na viti, na mimi niko nakula kwa magoti tangu miaka kumi na moja." Nilimjibu kwamba abiria wa daraja la kwanza hawawezi kungoja wamesimama. Nakuomba uone mwenyewe kama jibu hilo lilikuwa na kosa. Mimi nimelitafuta kosa hilo siku tisa na sijalipata, ingawa nalala vibaya.

5. Kuhusu kusingiziwa kwamba nawachukia watu wa Nyangwe. Ni uongo, na nitaufuta kwa hesabu. Katika miaka hiyo yote dada yako aliniomba kitu kimoja tu juu ya reli. Ilikuwa mwaka ule marehemu mama yenu alipougua, na mvua imeharibu barabara, na yeye amekaa siku tano akingoja moto ya kumpeleka kwenu. Alikuja mezani, akaweka kidole pembeni kabisa, akasema, polepole, niweke hapa kituo kidogo cha Nyangwe, hata bila viti. Nilipima mbele yake. Kona ingekuwa na nusu-kipenyo cha sentimita ishirini na tatu, na gazeti linataka isipungue thelathini na sita, kwa sababu gari refu litaanguka. Nikamwambia kona haikubali. Akasema sawa, akaenda jikoni. Hakuniomba tena. Mama yenu alikufa kabla Mado hajafika, hilo unalijua, na mimi nilikuja kulia pamoja nanyi. Lakini kona ni kona, Shemeji. Sikuitunga mimi.

6. Kuhusu jirani yetu Iliasi, fundi cherehani, ambaye simshtaki bali namtaja kama shahidi aliyeharibika. Nilimwomba aandike na yeye kwamba mimi ni mtu wa utaratibu. Amekataa. Anasema mtu ambaye bibi yake amerudi kwao hafuati kwa karatasi, anafuata kwa miguu yake, na mbuzi kwenye kamba, na akifika anakaa chini na kusema amekosa. Anasema mkono mtupu haulambwi. Nilimweleza kwamba desturi hiyo iliwekwa kabla watu hawajajua reli na haiwezi kuhusu mlima. Iliasi alikuwa anashona suruali yangu wakati huo. Aliitoa kwenye mashine, akanipa, akaniambia nitamalizia mwenyewe. Sasa naenda shuleni na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine.

Kwa sababu hizo zote naomba mambo yafuatayo.

Kwanza, mlima urudishwe na moto ya Heri, umewekwa kichwa chini kama milima inavyokaa, na kabla haujarudi usipikiwe ugali, maana moto unababua msitu.

Pili, dada yako aandike karatasi, wewe uitie sahihi, akikubali kwamba meza ile, urefu mita mbili na sentimita ishirini, ni ardhi ya reli, na kwamba chakula hakivuki njia bila kupiga filimbi. Filimbi nitaitoa mimi.

Tatu, kuhusu mbuzi. Mimi siyo mtu wa kudharau wakubwa. Kama familia inaona lazima nilete mbuzi, nitamleta kwa kipimo kinachotumika katika jambo lenyewe. Nimechukua mbuzi wa kawaida, nikampunguza mara themanini na saba, nikampata chini kidogo ya milimita nane. Nimemchonga kutoka kijiti cha kiberiti. Yuko ndani ya bahasha, amefungwa kwa uzi wa Iliasi, nilioukuta kwenye suruali. Ana miguu mitatu kwa sababu wa nne ulivunjika safarini, yaani kati ya meza na bahasha. Umpokee kwa heshima zote na usipige chafya.

Kuhusu Mado mwenyewe kurudi, sikuweka katika maombi. Hilo ni jambo lake. Mimi ninajitegemea. Ugali wangu wa jana uliungua chini na ulikuwa mbichi juu, nikaula nikiwa nimesimama, kwa sababu mezani ni reli na mkeka sikujua anauweka wapi. Leo asubuhi nimeupata. Ulikuwa nyuma ya mlango, mahali ulipokuwa siku zote, ninafikiri.

Nasubiri jibu lako la maandishi. Unisalimie mama watoto wako, wavuvi wote wa hapo mtoni, na yule mzee wa upande wa pili wa njia ambaye siku ya harusi yetu alisema mimi ni kijana mwenye mipango. Na mwenye sufuria pia umsalimie, kama yupo karibu.

Ni mimi shemeji yako mwenye masikitiko na adabu,
Octave,
Mwalimu, na Mkurugenzi wa Reli ya Kasongo–Kabambare

Nyongeza. Shemeji, naongeza haya nikiwa nimeegemea kiti cha moto ya Heri. Barua hii nilimpa Heri mara mbili na mara mbili aliirudisha. Anasema aliona uso wa Mado siku ile alipombeba, na hawezi kumpelekea kitu cha namna hii. Mara ya tatu nikamwambia basi anibebe mimi.

Tulipita njia yote ambayo mimi naipima kwa rula tangu miaka kumi na moja. Ile niliyoiita sentimita ishirini na tatu ina matope yanayofika magotini. Tulisukuma moto mara nne. Nilimfikiria yeye mwaka ule, siku zile tano, na mimi nimeketi ninapima. Hapo nikaona mahali kosa langu lilipokuwa. Halikuwa kwenye viti.

Kabla ya kutoka, kwa kuwa maneno ya Heri yalinikesha usiku, nilimaliza kazi mbili. Iliasi, aliposikia naenda na mbuzi, alikuja kunisaidia, na suruali ameimaliza. Mianzi tumeibandua, meza tumeiosha, lile ziwa la Kabambare limekataa kutoka lakini sahani inalifunika. Juu ya meza kuna sahani mbili na viti viwili, vya ukubwa wa watu. Reli nimeibandika ukutani, yote kwa karatasi. Kumbe ilikuwa inaweza kukaa huko tangu mwanzo. Reli isiyo na treni haihitaji meza. Na ukutani nafasi ni kubwa: nimepima tena kona ya Nyangwe, imetoka sentimita arobaini na moja. Inakubali. Kituo nimekichora, na kiti kimoja.

Kwa hiyo yale ya juu yote usiyasome, na kama umekwisha kuyasoma, usimsomee. Sufuria ibaki kwenu au irudi, ni yeye atasema, na rangi nitaikwangua mimi mwenyewe. Mbuzi wa bahasha umtupe. Anayekuletea barua hii ni mimi, niko hapa inje nyuma ya jiko lako, na nina mbuzi mwingine kwenye kamba, wa ukubwa ule Mungu alimpa, mwenye miguu yote minne. Nimekosa. Mwambie Mado atoke kidogo anisikie nikisema, na fanya upesi, Shemeji, kwa sababu mbuzi ameanza kula mihogo yako.