Ruta, Sindano na Goli la Babu

Jumatatu, 3 Machi

Babu anakuja Jumamosi kutazama goli lake. Bado hajasema anakuja kwa nani. Ndiyo maana nimeanza shajara.

Nieleze kidogo, maana nikizeeka nitasahau. Babu, baba yake Mama, zamani alichezea timu ya kiwanda cha sabuni. Siku moja wakicheza na kiwanda cha viatu, akafunga goli kutoka katikati ya uwanja. Goli hilo tumelisikia kila harusi na kila msiba. Binamu yangu, mtoto wa Mjomba, anasema mpira ule kila mwaka unapigwa kutoka mbali zaidi, na mwakani utapigwa kutoka stendi ya mabasi. Binamu huyu tunamwita Diploma, kwa sababu anayo, na hakuachi uondoke bila kujua.

Sasa Mjomba, anayeishi mbali, kapata kanda ya mechi yenyewe. Kaisafisha kwenye kompyuta. Faili limekuwa kubwa kama nyumba na hataki kulipunguza, anasema kulipunguza ni kumkata mzee miguu. Kwa hiyo katuwekea kwa ile njia ya kushushiana: yeye anatoa vipande, na sisi tunaoshusha tunapeana vipande tulivyokwisha kupata. Tuko watatu. Mimi hapa nyumbani, Diploma kwake, Mama Mdogo kwake.

Babu katangaza kwamba atakwenda kwa atakayemaliza kwanza.

Lazima iwe kwetu. Tangu nilipotengeneza ile pasi ikaunguza pazia, ukoo mzima unaniita Fundi Jaribio. Jina hilo nataka lizikwe Jumamosi, Babu akiwa shahidi.

Kasi ya leo: konokono mwenye mimba. Kosa si langu, ni la ruta, kile kisanduku cha intaneti. Imewekwa sakafuni nyuma ya cherehani ya Mama kama mtoto aliyeadhibiwa. Nimeipandisha juu ya kabati na kuifunga kwa utepe wa kupimia, ule wa Mama. Sasa inaona nyumba nzima. Mama kautafuta utepe wake mchana kutwa. Nimemsaidia kutafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia ndani ya ruta! Paswedi ilikuwa chini yake, kwenye karatasi iliyobandikwa. Kumbe miaka yote hii nimeishi na mlango usiofungwa. Humo ndani kuna vyumba na vyumba. Sijasomea, lakini nani alimsomesha samaki kuogelea?

Nimekuta sehemu ya kipaumbele. Unachagua kifaa kimoja kinakuwa mfalme, vingine vinasubiri. Nimeitawaza kompyuta yangu. Kasi ikapanda mara nne. Nimecheza peke yangu chumbani.

Sikumfikiria Dada.

Dada hufanya kazi mezani pale tunapokula chakula. Hujibu wateja wa duka la mafriji, akiwa amevaa vile visikio vyenye mdomo. Leo alikuwa na kikao na bosi wake kwa video. Ananiambia aliganda mbele ya bosi akiwa na mdomo wazi kama mtu anayeng'olewa gego, na akakaa hivyo kikao kizima. Bosi kauliza kama anaumwa. Kasema mengine pia, ila hii ni shajara ya mtu mwenye heshima.

Nimemuahidi kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nimerudisha nusu.

Diploma kaandika kwenye kundi la familia kwamba yeye ameshavuka nusu, na kwamba Babu aanze kuulizia njia ya kwake. Kaweka na picha ya kochi lake jipya. Kochi la mtu mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa sana. Nimevumbua jambo.

Asubuhi nilihangaika na milango. Ruta ina milango midogo ya namba, na ukiifungulia kompyuta yako mmoja, vipande vinaingia bila kubisha hodi. Nimeufungua. Kasi haikubadilika. Nimekaa nikiusifia mlango wangu mpaka adhuhuri, kisha nikagundua nimeifungulia simu ya Mama. Simu ya Mama haikuonyesha shukrani yoyote.

Nikarekebisha. Bado konokono, ingawa ameshajifungua. Hapo ndipo nikaona. Kwenye skrini kuna mishale miwili. Mmoja wa kushuka, yaani vipande vinavyokuja kwangu. Mwingine wa kupanda, yaani vipande vyangu vinavyokwenda kwa Diploma na Mama Mdogo. Muda wote huu nimekuwa nikimlisha mpinzani wangu kwa mkono wangu mwenyewe!

Nimeingia ndani ya ruta nikaubana ule wa kupanda. Nimeubana mpaka mwisho, yaani hata chawa hapiti. Na kwa dakika kadhaa, naapa, kasi ya kushuka iliongezeka. Bomba lote ni langu.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilikaa nalo jambo hili mpaka chai ya saa kumi, likafura kifuani kama hamira. Nikaandika kwenye kundi la familia: mnaoteseka na intaneti, mimi kijana msiyekuwa na imani naye nimegundua siri, ubaneni mshale wa kupanda, mtaniombea dua. Nikaeleza hatua zote.

Mama Mdogo kajibu kwamba Mungu anibariki, anajaribu sasa hivi. Diploma kaandika kwamba mambo hayo hayamo katika kitabu chochote alichosoma. Nikamwambia ndiyo maana yanaitwa uvumbuzi. Hakujibu. Namjua. Mtu wa hivyo akinyamaza ujue anaiga.

Mama kaona utepe wake juu ya kabati. Kaniuliza kama na mkasi wake nimeutundika mahali. Nimelala nikiwa na furaha.

Alhamisi, 6 Machi

Imesimama.

Si konokono tena. Ni jiwe. Asilimia sitini na moja tangu alfajiri. Mjomba kazima kompyuta yake, kapanda ndege kikazi, na harudi mpaka wiki ijayo. Na mwenye kanda nzima alikuwa yeye peke yake.

Nimewapigia wenzangu. Mama Mdogo naye kasimama, ila anasema atakuwa amekosea yeye, siri yangu ni nzuri. Diploma kasema kwake kila kitu kinakwenda vizuri sana. Kasema haraka mno. Kasimama.

Nimejaribu kila kitu. Nimezima, nimewasha. Nimegeuza ruta ikatazama dirisha. Nimeiweka ndani ya sufuria kubwa ili sauti ijikusanye, Mama akaja kutafuta sufuria. Kaitoa ruta, kainusa, kaondoka na sufuria yake.

Mwishowe nikaamua kutazama nilicho nacho. Vipande vyangu havifuatani, video inaruka kama chura. Nimemuona Babu! Kijana, mwembamba, ana nywele. Anafunga kamba za viatu. Halafu viboksi vya kijani. Halafu anapokea mpira katikati ya uwanja, ni katikati kweli, si stendi ya mabasi. Halafu viboksi vya kijani. Halafu watu wenye jezi za mistari wanarukaruka na kukumbatiana. Goli lenyewe halimo.

Saa kumi na moja Babu kapiga simu. Si kuuliza faili. Kuniuliza rangi gani ya shati inapendeza mtu akikaa mbele ya televisheni. Kasema ameshanyoosha mawili. Kasema miaka yote wajukuu wanamcheka kichinichini, wakidhani hasikii. Jumamosi watanyamaza.

Nimemwambia la bluu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimweleza Dada. Ilibidi. Nilikuwa nimekaa chini ya kabati nimeshika kichwa, na yeye alikuwa kwenye mapumziko yake ya chai.

Dada hakutazama kompyuta wala ruta. Kavaa visikio vyake, kawapigia Mama Mdogo na Diploma pamoja, kwa ile sauti yake ya wateja. Kasema asante kwa kusubiri. Kisha kawauliza swali moja, lile ambalo huwauliza wenye mafriji yaliyoacha kugandisha: kabla haijasimama, mlibadilisha nini?

Mama Mdogo kasema hakubadilisha chochote, isipokuwa kufuata ile siri. Diploma kakohoa. Kasema hakuna. Dada kanyamaza tu, wamefundishwa kunyamaza. Diploma kasema labda, kidogo, ile siri, kwa ajili ya utafiti.

Dada kavua visikio. Kanitazama. Kauliza: yaani Mjomba aliwagawia kila mtu vipande tofauti, kazi yenu ni kupeana tu, na nyinyi watatu mmekaa kila mmoja kaficha mkono nyuma anasubiri mwenzake atoe? Nikamwambia akilisema hivyo linasikika vibaya. Akasema mkono mtupu haulambwi. Akasema hata mafriji yana akili zaidi.

Wale wawili walilegeza hapo hapo. Mimi nikaenda kulegeza, na ruta ikanikataa. Paswedi. Jumatano niliibadilisha kwa usalama, nikaweka ndefu sana, yenye herufi na alama na tarehe ya kitu fulani muhimu. Sikumbuki kitu hicho ni kipi.

Diploma kule kwenye simu kasikia kila kitu. Kasema kwa upole: Fundi Jaribio, pole.

Hapo Mama akasimama kutoka kwenye cherehani. Kachomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, anapoziwekaga. Kauliza katundu kako wapi. Nikasema katundu gani. Kasema kila kitu kinachouzwa na karatasi ya maelezo kina katundu ka kukirudisha kama kilivyotoka dukani, na yeye karatasi ile aliisoma siku tuliyonunua ruta, sisi tukigombania boksi. Kaigeuza ruta. Kachoma, kahesabu polepole kama anayehesabu mishono, kaachia.

Taa zote zikazimika. Zikawaka moja moja. Ruta ikawa mtoto mchanga, haikumbuki uvumbuzi wangu hata mmoja.

Mshale wa kupanda ukaamka. Kisha wa kushuka. Sitini na mbili. Sabini. Mama Mdogo alikuwa na kipande cha Babu akipiga mpira, Diploma alikuwa na cha mpira wavuni, mimi nilikuwa na cha watu wanaoruka. Tulikuwa tunapiga kelele kwenye simu kama wauza samaki. Tulimaliza wote watatu kabla ya chakula cha jioni, karibu kwa pamoja. Diploma anasema yeye alitangulia. Mwache.

Nani sasa atampata Babu? Mama kampigia. Babu kashangaa. Kasema alikuwa anakuja kwetu tangu mwanzo, kwetu ndiko kuna kiti chenye mikono. Yale mashindano aliyatangaza ili tufanye haraka.

Jumamosi, 8 Machi

Babu kaja na shati la bluu. Mama Mdogo kaja, Diploma kaja, majirani wawili wamekuja kwa sababu ya kelele za jana. Babu kakaa kwenye kiti chenye mikono kama hakimu.

Nimewasha. Kamba za viatu, zikafungwa. Mpira ukaja. Katikati ya uwanja, chaki inaonekana. Babu kijana kageuka, kavuta mguu, kapiga. Ee! Mpira ule ulikwenda. Ulipaa, ukapinda, ukampita kipa aliyeruka vizuri kabisa, ukaingia pembeni juu. Nimesimama bila kujua.

Kisha wenye jezi za mistari wakaanza kukumbatiana. Na Babu kijana, wa jezi nyeupe, kasimama peke yake katikati, mikono kiunoni. Na kipa aliyelala chini, naye jezi yake ina maandishi. Diploma kasogea kwenye skrini kusoma. Kasoma kwa sauti. Kiwanda cha Sabuni.

Kageuka, kidole bado kiko kwenye skrini.

Diploma akasema, Babu, umejifunga.

Babu kanywa chai kidogo. Kasema yeye siku zote amesema alifunga goli kutoka katikati ya uwanja. Kuna mtu aliwahi kumuuliza lilikuwa goli la nani? Hakuna. Miaka yote hiyo tulibishana na umbali tu.

Kasema alitaka kurudisha mpira kwa kipa, mguu ukamzidi. Kasema lakini jamani, tazameni mguu. Msitazame goli, tazameni mguu.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kaegemea cherehani. Babu naye kacheka, kanigeukia, kasema rudisha. Nimerudisha mpaka rimoti ikapata moto. Kila mara anasema, mguu huo. Hata Diploma mwishowe alikubali kwamba mguu ni mguu.

Alipokuwa anaondoka kanishika bega. Kasema katika wajukuu wote mimi ndiye niliyemrithi. Sijawahi kupewa sifa kama hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Nimefikiria sana jana ilivyokwenda na nimetoa hitimisho. Watu wanasema siri yangu ilifeli. Lakini tumelipata faili au hatukulipata? Tumelipata. Wiki hiyo hiyo niliyovumbua. Kwa hiyo.

Kilichokosekana ni sindano. Ile sindano ndiyo iliyoipa ruta nguvu, niliona kwa macho yangu, namba zilianza kupanda pale pale. Kuanzia leo nitaichoma kila asubuhi kabla Dada hajaanza kazi, kisha naubana ule wa kupanda, kisha paswedi mpya, ndefu zaidi. Mjomba anasema anayo kanda nyingine, Babu akipiga penalti.

Nimeshawaandikia kwenye kundi. Hatua zote.

Mama anatafuta sindano yake. Namsaidia.