Filamu Rasmi ya Fundi Kufuli

"Umma unaarifiwa kwamba, kufuatia maombi mengi ya wananchi ambayo bado hayajapokelewa, itatengenezwa filamu rasmi kuhusu maisha ya Fundi Kufuli, muuaji wetu wa kwanza wa viwango vya kimataifa."

Tangazo hilo liliandikwa na Katibu wa Kamati ya Uhalisia wa Filamu kwa mkono wake mwenyewe. Aliligonga mihuri miwili, kisha akamsomea mkewe mara tatu wakati wa chai.

"Na wale marehemu?" mkewe aliuliza.

"Watakuwa kwenye kiambatisho," alijibu Katibu, akapuliza chai yake.

Fundi Kufuli hahitaji kuelezwa sana. Alikuwa fundi wa vitasa, mtu mpole, wa salamu nyingi. Ukimwita akufungie kitasa kipya, alikufungia vizuri, akakupa funguo zako, na mmoja akabaki nao. Aliua wanawake tisa waliokuwa wakiishi peke yao. Jinsi alivyokamatwa kila mtu mjini anajua. Aliitwa kituo cha polisi kutengeneza mlango wa mahabusu. Akaingia ndani kuujaribu, mlango ukajifunga. Askari walipopekua sanduku lake la vifaa kutafuta ufunguo wa kumtoa, wakakuta funguo tisa kwenye pete moja, kila ufunguo na jina la mwanamke. Kwa hiyo alikamatwa na kazi yake mwenyewe, tena kazi safi, maana kitasa kile hakijaharibika hadi leo.

"Hivyo hatuwezi kuonyesha," alisema Mwenyekiti wa Kamati kwenye kikao cha kwanza. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo kile enzi hizo. Sasa alikuwa Kamanda mwenye nyota za kutosha mabegani, na ilisemekana ifikapo mwisho wa mwaka atapewa jeshi zima la polisi. "Mimi nilimkimbiza. Juu ya mabati."

"Mabati ya wapi, afande?" aliuliza Mwongozaji wa filamu, kijana mwembamba asiyependa ugomvi.

"Mabati yapo kila mahali. Na iwepo mvua."

"Siku ile ilinyesha?"

"Mimi nilikuwa nimelowa," Kamanda alisema. Katibu akaandika kwenye muhtasari: *Mvua imethibitishwa.*

Baada ya mvua likaja suala la idadi. Kamanda aliona tisa ni wengi mno, wanampa mtazamaji picha kwamba mtu fulani alikuwa amelala. Kikao kilijadili kwa saa mbili kama wawe watano au wanne na nusu, nusu akiwa majeruhi. Ni Katibu aliyekata mzizi wa fitina. Alipendekeza filamu ianze na marehemu wa tano. Wale wanne wa mwanzo watengewe awamu ya pili, Mungu akipenda. Kikao kilimpigia makofi, naye akainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Habari hazina miguu lakini zinatembea. Siku ya tatu mama mmoja mshonaji aliingia ofisini kwa Katibu, futi yake ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Binti yake alikuwa wa pili.

"Shikamoo mama," alisema Katibu.

"Marahaba, baba. Nimesikia mwanangu mmemtoa."

"Hajatolewa. Ameahirishwa."

Mama alikaa bila kukaribishwa. "Yule alikuwa kitinda mimba wangu. Mimi siombi mumwonyeshe akifa. Hilo nalijua, silitaki. Naomba kitu kimoja tu. Ionekane kwamba nilikwenda kituoni. Mara tatu nilikwenda. Nilimtaja Fundi. Na huyo mkubwa wenu aliandika mbele yangu, kwenye daftari."

"Mama, pole sana. Lakini kumbukumbu za mzazi huwa zina hisia."

"Na daftari, nalo lina hisia?"

Katibu alikohoa. Katika mafunzo yake ya huduma kwa wateja swali hilo halikuwepo. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Alimweleza kwamba Kamati, kwa moyo wa huruma, imeipa familia nafasi ya heshima siku ya uzinduzi: neno la shukrani, dakika moja, mwisho kabisa wa ratiba. Shukrani zenyewe zilikuwa zimeandikwa tayari ili mama asisumbuke kushukuru.

Mama alisoma karatasi yote, akaikunja mara nne kama kitambaa. "Sawa," alisema. "Nitasema."

"Utasoma, mama. Usiseme."

Ni lazima hapa zitajwe nyaraka mbili za Katibu ambazo wenzake walizionea wivu. Waraka Namba Nne ulipiga marufuku hati yoyote ya kughushi kuonekana kwenye filamu. Ulitokana na filamu moja ya zamani ambayo mtunza vifaa alichonga muhuri wa mahakama kwa kiazi, na kabla kiazi hakijaoza, watu wawili walikuwa wameshapeana nacho talaka. Tangu hapo, kila hati kwenye skrini ni halisi, na filamu hufunguliwa kwa maneno: *Kila hati utakayoiona imethibitishwa na Serikali kuwa ya kweli.* Waraka Namba Saba, wenye saini ya Mwenyekiti mwenyewe, uliagiza milango ya ukumbi ifungwe kwa funguo mpaka neno la shukrani liishe. Hiyo ni kwa sababu katika uzinduzi uliopita watu walitoka mapema, na Waziri akabaki anavihutubia viti.

Upigaji picha ulikwenda vizuri. Kijana mtanashati aliigiza Kamanda, akakimbia juu ya mabati, akamwagiwa maji kwa mpira wa bustani. Kamanda aliridhika, ila alitaka kitu kimoja zaidi.

"Nionekane nikiandika. Watu wanadhani polisi ni mbio tu. Mimi nina mwandiko."

Kwa mujibu wa Waraka Namba Nne, daftari la bandia lisingefaa. Katibu alikwenda mwenyewe masjala, akatia saini, akalitoa daftari la malalamiko la kituo kile, la mwaka mauaji yalipoanza, akalifuta vumbi kwa leso yake. Hakulisoma. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha, na mtu akianza kusoma hachelewi kuwa na maswali.

Mwongozaji alifunua kurasa polepole mbele ya Kamanda. "Tupige ipi, afande?"

Kamanda alitazama kwa jicho la mtu anayechagua tikiti. "Hapana. Hapana. Hii nilikuwa na haraka." Kisha akaweka kidole. "Hapa! Tazama hizo herufi. Hapa nilikuwa nimetulia. Kamera ikae hapo hata sekunde thelathini."

Mwongozaji alitazama ukurasa ule, akamtazama Kamanda, akatazama tena ukurasa. "Thelathini, afande?"

"Wewe kijana ni kiziwi?"

Kamera ikakaa sekunde thelathini.

Kamati iliikagua filamu kwenye televisheni ndogo ya chumba cha mikutano, mapazia wazi, jua likiwaka kwenye kioo. Ukurasa ulionekana mweupe wenye sisimizi. Katibu akagonga muhuri.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Waziri alikaa mbele, Kamanda kulia kwake, Katibu nyuma yao na ratiba magotini. Maneno ya uthibitisho yalipotokea, watu walipiga makofi. Mvua ilinyesha, mabati yakalia. Kisha kijana mtanashati akakaa mezani, akafungua daftari, na ukurasa ukajaa skrini nzima, kila herufi ikiwa na urefu wa mtu mzima. Mwandiko kweli ulikuwa mzuri.

*Mama mshonaji amekuja. Binti yake haonekani siku nne. Nimemshauri arudi nyumbani, binti ni mtu mzima.*

Watu walianza kusoma kwa sauti, kama darasani.

*Amekuja tena. Anamtaja Fundi Kufuli. Fundi ni mtu wetu, hututengenezea milango. Nimemwonya aache kuchafua majina ya watu.*

*Amekuja mara ya tatu. Amelia. Askari wasimruhusu tena kuingia.*

Chini palikuwa na tarehe na saini, ile ile iliyokuwa kwenye kadi za mwaliko.

"Dada yangu aliuawa mwezi uliofuata," alisema mwanamume mmoja kutoka katikati ya ukumbi. Hakupaza sauti. Mwingine akasema, "Mama yangu, mwaka uliofuata." Watu wakaanza kuhesabu waliouawa baada ya tarehe ile, na hesabu ikafika saba. Ukurasa ulikuwa bado upo.

Waziri aligeuka nyuma. "Katibu. Hiki kitu ni halisi?"

Katibu aliinua macho kwenye skrini. Akisema si halisi, amevunja waraka wake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alisoma kile alichokuwa amekigongea muhuri.

"Kimethibitishwa, Mheshimiwa," alisema.

Taa ziliwashwa. Kamanda alikuwa tayari ameufikia mlango.

"Fungua."

"Bado, afande," alisema bawabu, funguo zikimning'inia kiunoni. "Waraka Namba Saba. Mpaka neno la shukrani liishe."

"Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Ndiyo, afande. Saini ni yako."

Mama mshonaji alikuwa anapanda jukwaani, pole pole, akiinua gauni lake kidogo kwenye ngazi. Karatasi yenye mikunjo minne aliiacha kwenye kiti. Akavaa miwani, akaishusha maiki hadi usawa wake.

"Dakika moja, mama," Katibu alinong'ona kutoka chini.

Alimtazama bila hasira. "Waraka wenu unasema mpaka nimalize, baba."

Akaanza na jina la mwanawe, akalitaja lote, la kwanza, la baba na la ukoo. Kisha akamtazama Kamanda pale mlangoni.

"Kaa, mkuu wa kituo," alisema. "Majina ni tisa, na mimi sina haraka."