Malalamiko ya Fundi Makochi Dhidi ya Sosi ya Holandezi

Kwa Mhariri wa Safu ya Jikoni,
Gazeti la Jumapili.

Ndugu Mhariri,

YAH: SOSI YAKO NA HALI YA NYUMBA YANGU

Natumaini hujambo. Kama hujambo, basi nadhani ni kwa sababu nyumbani kwako hawasomi gazeti lako. Sisi tunalisoma. Mimi husoma michezo na matangazo ya vifo, kisha nalitandaza chini ya kochi ninapopaka gundi. Ila toleo lile lenye makala yako ya njia rahisi za kula sosi ya holandezi na chakula cha kila siku lilinipita. Mke wangu aliliwahi kabla ya gundi. Aliukata ukurasa wako kwa mkasi wangu wa vitambaa, mkasi ambao humu ndani hata watoto walikuwa wanajua kwamba haugusi karatasi, akaubandika ukutani juu ya jiko. Tangu hapo hatujatulia.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba. Ukitoka mlango wa jikoni unakanyaga sponji. Mimi si mtu wa maneno mengi wala wa kesi, lakini yamenifika hapa, kwenye koo, na nitakuonyesha pale ambapo siagi nayo imefika. Naomba uyasome malalamiko yangu kwa utaratibu, maana nimeyapanga kwa namba.

1. Kuhusu sosi yenyewe. Umeandika, bila aibu, kwamba ni viini vya mayai, siagi iliyoyeyushwa, ndimu na chumvi kidogo, vinavyopigwa kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto. Hukusema kwamba mpigaji akisimamishwa hata na salamu, sosi inakatika kama tui: siagi huku, mayai kule, na lawama kwa aliyesalimia. Nimesalimia mara moja. Sasa napita jikoni kwangu kwa ncha za vidole, nimeinamisha kichwa, na nikikohoa naenda kukohoa nje.

2. Kuhusu hayo maneno "chakula cha kila siku". Ungesema iliwe wakati wa harusi ningekuelewa, maana harusini watu wanakula chochote. Lakini sisi, Ndugu Mhariri, chakula cha kila siku tunakula kila siku. Ilianza juu ya viazi vya kuchemsha. Nikala, kiazi hakina la kupoteza. Ikaja juu ya samaki. Ikaja juu ya kabichi, na kabichi ile ikaisha, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii na ambalo mimi naliona kama dalili ya ugonjwa. Ikaja juu ya mayai ya kuchemsha, yaani mayai juu ya mayai. Nilipouliza kama huko si kumkalisha mtu juu ya kichwa cha ndugu yake, nilioneshwa ukuta kwa mwiko. Kilichobaki salama ni maharage. Juzi nimemwona mke wangu akiyaangalia maharage.

3. Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Katikati ya ukurasa wako umeandika, tena kwa herufi nzito, kwamba sosi hii haiwekwi, haipashwi moto wala haifunikwi. Ikishakuwa tayari inaliwa papo hapo. Ulijua unachoandika? Kwetu kila mtu alikuwa anakula kwa nafasi yake. Mwanangu ni fundi umeme na hurudi anaporudi. Binti yangu anafanya kazi saluni, au ndivyo nilivyoamini, nitalieleza hilo mbele. Yupo pia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayekaa chumba cha uani. Tunamwita Meneja kwa kuwa hajawahi kuajiriwa na mtu. Na mimi hula nikishagonga msumari wa mwisho. Mke wangu alikuwa anapika, anapakua, anafunika kila sahani kwa sahani nyingine, anaziacha mezani. Anayekuja anafunua, anakula, anaweka vyombo kwenye beseni. Hapakuwa na kelele wala maswali. Hata hotelini hawana utulivu ule.

Leo hii mke wangu anagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Ukisikia mfuniko, unakuja. Usipokuja unakuta kiazi kikavu, hakijafunikwa, kinakutazama.

Nilimwendea kwa heshima, nikasubiri bakuli litoke kwenye moto, nikamuuliza kama sosi hii haiwezi kufunikwa kama vyakula vingine vyenye adabu. Hakugeuka. Alisema, "Hii haisubiri, baba watoto. Aliyekuwa anasubiri humu ndani ni mimi."

Sikuona maneno yale yana uhusiano gani na siagi. Nayaandika hapa ili ujionee lugha inayotumika jikoni tangu uanze kuandika safu yako.

4. Meza. Meza yetu ya kulia ilikuwa meza yangu ya kukatia vitambaa, na sahani zile zilizofunikwa zilikuwa zinakaa kwenye kona iliyobaki, kati ya chaki na futi kamba, zikiwa zimeridhika kabisa. Sosi ilipoingia, majora yangu ya kitambaa yalitolewa nje kama wapangaji. Kisha ikagundulika kwamba katika nyumba ya fundi makochi kuna viti vinne, na viwili havina pa kukalia. Hilo lilikuwa halijamsumbua mtu yeyote, kwa sababu hatukuwahi kukaa wote. Nikalazimika kuvishona. Ndugu Mhariri, nimefanya kazi kwa mteja ambaye ni mke wangu, na unaweza kukisia alivyokagua mishono. Hata hivyo sisi ni watu watano, kwa hiyo mpishi mwenyewe anakula akiwa amekaa kwenye stuli ya jikoni, bakuli mapajani, goti moja likiwa limeelekea jikoni muda wote.

5. Watu wakikalishwa pamoja, wanaongea. Hili hukuliandika popote, na nadhani ulilificha makusudi. Katika kipindi cha sosi nimejulishwa kwamba binti yangu aliacha saluni zamani na anajifunza kuendesha malori. Wote walikuwa wanajua, pamoja na Meneja. Nimejulishwa kwamba mwanangu ana mchumba, na kwamba mchumba huyo alishafika karakanani kunisalimia, mimi nikamwambia kitambaa cha rangi ile kimekwisha, arudi mwisho wa mwezi. Binti alisimulia kisa hicho mezani, akaniigiza hadi ninavyoshika misumari mdomoni, kisha akacheka. Sikujua kwamba binti yangu anacheka kama marehemu mama yangu. Ni jambo la kumshtua mtu akiwa na kiazi mdomoni. Nilibaki nimeshika uma, wakadhani nimekasirika. Kabla ya sosi nilikuwa baba mwenye amani. Sikujua kitu, na hakuna aliyenisumbua kwa kunijulisha.

6. Meneja. Zamani alikuwa anachukua sahani yake na kwenda kulia uani, na siku nyingine sahani mbili, na kwa kuwa hakuna aliyeona, hakuna aliyekosa. Sasa sosi imempa wadhifa. Anakaa kwenye kizingiti cha jikoni akiangalia bakuli, na likianza kuwa zito anatoka kutukusanya. Amemfuata mwanangu hadi juu ya ngazi kwenye nyumba ya watu. Amenifuata mimi nikiwa nimelala chini ya kochi, akanivuta mguu. Mtu aliyekataa kazi zote za dunia hii ameikubali hii, tena anawahi.

7. Namba hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja ambaye hata wazazi wa wanafunzi humwamkia wakiwa wamesimama wima, aliniletea kochi lake nilivike kitambaa cha rangi ya maziwa. Nikalivika. Nikiwa nimebakiza mkono wa kushoto, mfuniko ukagongwa. Nikala, nikarudi mbio, nikaushika ule mkono kuuvuta. Likabaki dole gumba langu zima, la njano, linang'aa, ambalo hata polisi wangelisoma kwa mbali. Mwenye kochi akaingia wakati huohuo. Akauliza ni nini. Kwa kuwa nimelelewa vizuri, nilisema ukweli. Nikajiandaa kwa lolote. Akauliza kama imebaki.

Alikaa kwenye kiti changu hadi giza likaanza. Aliondoka na mapishi yako ameyanakili, na nasikia amewapa walimu wake, nao wamewapa majirani zao. Siku hizi ikifika jioni mtaa mzima unagonga mifuniko. Kinyozi anafunga mapema na kumwacha mtu na nusu ya ndevu. Fundi baiskeli alikatisha sentensi, akaondoka, hajaimalizia mpaka leo. Mimi nakuuliza kama mtu unayefikiri: ikienea hivi, watu wote watakuwa nyumbani kwao jioni, wameketi kwenye viti vigumu, wanaangaliana. Nani atahitaji kochi la kujilaza peke yake mbele ya televisheni? Na mimi nitashona nini? Unaua ufundi, Ndugu Mhariri, unauua kwa siagi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani kama nimezidisha. Uchapishe kanusho, ukubwa uleule wa makala, ukieleza kwamba sosi ya holandezi inaweza kufunikwa na kusubiri, hata kama si kweli. Ukishindwa, basi kila mapishi yatoke na onyo kama lile la pakiti za sigara, liseme: "Tahadhari: chakula hiki kinakusanya watu." Na kuanzia sasa safu yako iandike mambo ya kachumbari, ambayo mtu anaweza kuila wakati wowote, amesimama, bila kupata habari za mtu yeyote.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, wasahihishaji, yule wa matangazo ya vifo ambaye kazi yake haina makosa, na mlinzi wa getini. Mwenzako wa nyumbani naye msalimie, kama huwa mnaonana wakati wa chakula.

Wako katika kudai haki,

Fundi Makochi,
msomaji wa kurasa nyingine.

N.B. Barua hii nilimsomea mke wangu kabla ya kuifunga, maana mimi si mtu wa kusema watu nyuma ya migongo yao. Alisikiliza hadi mwisho, hakubisha hata namba moja. Alisema sawa. Akabandua ukurasa wako ukutani, akauweka kwenye pipa la taka, akaweka viazi jikoni.

Jioni ile nilifanya kazi hadi msumari wa mwisho, kama binadamu huru. Nilipoingia nilikuta sahani mezani, kila moja imefunikwa kwa sahani nyingine. Viti vinne vilikuwa vitupu. Mwanangu alikuwa hajarudi. Binti alishakula akaingia chumbani. Sahani ya Meneja haikuwepo, na ya kwangu ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoitegemea. Nikafunua. Ndugu Mhariri, nilikula viazi vile nimesimama, nikavimaliza, na nikasikia saa ya ukutani. Sikuwahi kujua kwamba ile saa ina sauti. Mke wangu alikuwa chumbani, taa imewaka, hajalala. Sikujua niende kumwambia nini. Nikarudi karakanani.

Kile kitambaa cha rangi ya maziwa chenye dole gumba, nilichokibandua kwenye kochi la mwalimu mkuu, nilikuwa sijakitupa. Nimeunda kiti cha tano, nikakivika humo, doa likiwa mbele, pale linapoonekana. Ukurasa wako nimeuokota kwenye pipa, nikaufuta maganda ya viazi.

Kwa hiyo futa namba zote hapo juu. Lalamiko langu ni moja tu, na ni zito: hujaandika popote mtu afanye nini sosi ikikatika. Ni jioni nyingine, niko jikoni sasa hivi, napiga kwa mkono wa kulia na kuandika kwa wa kushoto, usishangae mwandiko. Ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Nikafurahi, nikaugonga mfuniko kabla ya wakati wake, na katika kugonga nikaacha kupiga. Siagi huku, mayai kule. Nao wamekuja wote, hata mwanangu na huyo mchumba, ambaye amekalia kiti changu. Meneja ameshika uma kabisa.

Nijibu haraka iwezekanavyo. Nimewaambia posta inachelewa na sosi haisubiri, basi kila mtu ale kiazi kikavu aondoke zake. Hakuna aliyenyanyuka. Mama watoto ameliangalia lile doa, akakivuta kiti cha tano, akakaa, akaweka mikono mezani.

"Vunja yai jingine, uanze upya taratibu," amesema. "Leo tutakusubiri."