Elektroni za Bibi Kuroiwa Zina Upendeleo

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Hatsuda,
Maabara ya Metali Baridi, Sendai.

Mheshimiwa,

Natumaini mafua yamekuachia. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na naziandika kwa adabu.

Naomba mkataba wa Bibi Kuroiwa Chizuru, anayetukuzia fuwele ndani ya tanuri lake, usiongezwe ukiisha mwezi Machi. Sababu ni hizi:

1. Metali yake ni ya tabaka nyembamba, zimelaliana kama chapati kwenye sahani. Tabia yake inajulikana: ukiipoza, elektroni huacha kuzurura, zikajipanga safu pande tatu kwa usawa. Za Bibi Kuroiwa zimejipanga upande mmoja tu! Nimezimulika kwa mwanga wiki nzima, nikachora ramani ya njia zao. Ni upendeleo mtupu.

2. Safu hizo si pambo. Zikijipanga, ramani ya elektroni hukunjika na baadhi ya njia hufungwa. Elektroni zinazobaki huru ndizo tunazozitegemea, baridi ikizidi, zishikane mbili mbili na kupitisha umeme bila kikwazo. Sasa upande mmoja njia zimefungwa, kwingine ziko wazi kama soko. Makala yangu ilisema vinginevyo, na makala yangu imeshachapishwa. Nani basi amekosea?

3. Nilipomweleza, hakuomba radhi. Alisema, "Mwalimu Tokunami, fuwele ni zile zile ninazompa kila mtu. Mbona zinanuna kwako tu?" Nikamwambia asinifundishe kazi. Akajibu, "Sikufundishi, Mwalimu. Nauliza tu, umezibandika kwa gundi gani?" Mtu kazi yake tanuri, anauliza habari za gundi! Kuuliza si ujinga, lakini huku kuuliza kulikuwa ujinga.

4. Aliporudi kutoka kwao alituletea mochi, vile vitobosha laini vya mchele, zenye rojo la kijani la maharage, kama ilivyo ada. Kila mtu alipata moja. Mimi alinipa mbili, kama mfiwa. Maabara nzima iliona, na iliniuma.

5. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Elektroni zimelelewa ndani ya tanuri la mwanamke anayependelea, nazo zimejifunza kupendelea. Kwa hiyo tanuri nalo liondolewe, na sakafu chini yake ioshwe.

Wasalimie nyumbani, karani wako, na fundi wa heliamu aliyekuwa akiumwa mgongo.

Wako mtiifu,
Tokunami Shūgo

Tanbihi: Tafadhali niagizie kopo jingine la gundi yangu nyeusi. Hiyo ndiyo gundi ya wanaume: ikipoa hujikaza kwa nguvu mpaka inakipinda upande mmoja kibao cha shaba ninachobandikia fuwele, na fuwele inafuata bila ubishi. Ile laini aliyoniachia Bibi Kuroiwa mezani nimewapa wanafunzi wachezee. Jana wamenionyesha ramani yao, ya fuwele hizo hizo, yenye safu pande zote tatu. Bado natafuta walipokosea.