Ngazi ya Jirani Sasa Inalala Ndani

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, kabla hujasikia kwa midomo ya watu, kwamba ngazi ya jirani yangu sasa inalala ndani. Muda wote tulioishi huku ilikuwa ikilala nje, imeegemea ukuta wa banda lake, juani na mvuani, na hakuna aliyewahi kuihofia. Siku hizi inaingizwa kila jioni kama ng'ombe wa maziwa. Inaingizwa kwa sababu yangu mimi, na mimi nimeingia katika balaa hili kwa sababu ya kamusi yako.

Nijieleze kidogo. Mimi ni fundi redio wa kujifunza mwenyewe na, tangu tuhamie nchi hii, ni mume wa mhandisi wa maji. Cheo hiki cha pili ndicho kinachojulikana. Mke wangu aliletwa na shirika lake kusimamia mabomba ya wilaya. Mimi nililetwa pamoja na masanduku. Tulipewa nyumba ya mawe, nje kabisa ya mji, yenye jiko la kuni lisilokubali kuwaka mpaka libembelezwe kwa karatasi nyembamba. Nyuma yake kuna kipande cha bustani ambacho ni mali ya kijiji na hugawiwa na kamati. Hapo nimepanda maharage, nyanya na maboga. Asubuhi mke wangu akiondoka na gari la mabomba, mimi hubaki na maharage. Redio za huku haziharibiki, au zikiharibika hutupwa. Kwa hiyo bustani hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo baraza yangu, maana uzio wake ni mfupi na ndipo pekee ninapopata mtu wa kuongea naye.

Jumamosi hii kamati inakaa kuamua kama ninyang'anywe.

Chanzo ni neno moja. Wewe na mimi tunajua pole ni nini. Mtu akijikwaa, pole. Akirudi kazini, pole. Akienda kazini, pole pia, ya kutangulia. Hakuna anayedhani kwamba aliyesema pole ndiye aliyeliweka lile jiwe. Unaambiwa pole, unasema asante, unapoa, mnaendelea na mengine. Sasa basi, neno ambalo kamusi yako inatoa badala ya pole, kwa lugha ya huku maana yake ni: "Nisamehe, ni mimi niliyefanya." Nami nimelitumia kwa moyo mkunjufu tangu siku tuliyofika, bila ubahili. Matokeo yake ni kama ifuatavyo.

1. Bwana Ngazi. Huyu ni jirani wa upande wa kushoto, mstaafu, na makazi yake ya mchana ni juu ya ngazi. Huko hupogoa, hupaka rangi, hupanga vigae, na pasipo na la kufanya hutazama tu. Jina hilo nimempa mimi na nalitumia kimoyomoyo. Alikuwa rafiki yangu. Tulizoea kujadili habari za konokono, yeye akiwa juu, mimi chini, na ingawa lugha yangu ilikuwa changa, konokono ni somo lisilohitaji maneno mengi. Siku moja alikosa kidato cha mwisho akakaa kitako juu ya kabichi zake. Nikakimbilia uzioni. Nikamwambia pole, pole sana jirani, pole sana tena sana, kwa lile neno lako. Akanitazama. Akaitazama ngazi. Akanitazama tena, halafu akaanza kukikagua kidato kimoja kimoja kwa kidole gumba. Tangu hapo habari za konokono zimekwisha.

2. Mama Bata. Mjane wa upande wa kulia, mfugaji. Mbweha alimchukulia bata jike, kipenzi chake. Nilivaa shati lililopigwa pasi nikaenda kumpa pole mlangoni, mikono yote miwili, kichwa nimeinamisha. Akauliza: "Na manyoya umeyapeleka wapi?" Kwa kuwa neno manyoya nilikuwa nimelisikia dukani tu, kwenye habari za mito ya kulalia, nilidhani anabadilisha mazungumzo ili asilie. Nikamwambia yamo ndani, kitandani, laini kweli, na mke wangu anayapenda sana.

3. Mleta barua. Baiskeli yake ilipata pancha mbele ya lango letu. Nikampa pole, na kwa kuwa mkono wa fundi una kiherehere, nikaiziba papo hapo. Kumbe kwa macho ya huku mtu asiye na hatia hawezi kuwa na kiraka tayari mfukoni. Sasa akifika kona ya kwetu hushuka, hujitwika baiskeli begani, na hupita mbele ya nyumba yetu kwa miguu kama mtu avukaye mto.

4. Wachimba mtaro. Hawa walikuwa wanachimba kando ya barabara, na kila nikipita niliwapa pole na kazi, kama mtu aliyelelewa. Nakuomba utafsiri mwenyewe. Mchana na jioni, mgeni anapita na kuwaambia vibarua: "Nisameheni kwa kazi hii." Wakakata shauri kwamba mimi ndiye niliyeagiza mtaro. Msimamizi wao akanifuata hadi langoni, kofia mkononi, akasema: "Mkubwa, mbona umetupeleka upande wa mawe, na ng'ambo ni udongo mtupu?" Nikamwambia pole. Akashukuru, wakahamia ng'ambo. Bomba lilipaswa kupita upande wa mawe. Mhandisi aliyelichora bomba hilo ninalala naye kitanda kimoja, na habari hii alikuwa bado hajaicheka nilipoanza kuandika barua hii.

5. Sakitu. Hapa, Ndugu Mhariri, nakuomba ukae. Kuna asubuhi ile baridi nyeupe ilishuka kabla ya wakati wake na kuunguza nyanya za kijiji kizima. Watu walisimama bustanini mwao, mikono kiunoni. Sikuweza kuvumilia. Niliingia nyumba hadi nyumba, bila kuruka hata moja, nikampa pole kila mwenye nyanya, na wengine niliwashika bega. Hebu sasa simama dirishani mwao uone walichokiona wao: mgeni anabisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine, uso umekunjamana, akikiri kwamba ameleta baridi.

Ningeweza kujitetea, ila nyanya zangu zilikuwa nzima. Nilizifunika kwa mashuka ya mke wangu, kwa kuwa huku mimi husikia baridi kila wakati, na nilidhani nyanya nazo ni wageni. Mashuka bado yalikuwa yametandikwa juu yake, yale ya maua mekundu, yanaonekana hadi barabarani.

6. Mama mkwe wa Bwana Ngazi. Marehemu alikuwa amekula chumvi nyingi, na aliondoka usingizini, kwenye kiti chake, dirisha likiwa wazi na paka mapajani. Kifo cha kistaarabu kuliko hicho sijakisikia. Nilikwenda. Nilimshika Bwana Ngazi mkono na kumpa pole ndefu, ile ya msiba, isiyotaka haraka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanivuta nyuma ya banda, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke akaniongelesha. Aliniuliza, kwa sauti ya chini na kwa kitu ambacho naogopa kukiita heshima, nilifanyaje.

7. Mafua ya mwenyekiti. Mwenyekiti wa kamati ya bustani alikuja mwenyewe kuniita kikaoni. Mke wangu alikuwa amenionya toka asubuhi. Alisema: "Mume wangu, nakuomba, akija nyamaza. Wewe ukifungua mdomo utakiri hadi mafuriko ya mwaka kesho." Nilipiga moyo konde. Nilimkaribisha kwa mkono, nikampa kiti kwa mkono, nikasikiliza mashtaka yote huku nikitikisa kichwa. Nilikuwa nashinda. Kisha akapiga chafya. Ndugu Mhariri, wewe umelelewa na mama kama mimi. Ungefanya nini? Akatoa kalamu akaongeza mstari.

Ndivyo nilivyofika hapa. Ninashtakiwa kwa ngazi, bata, pancha, mtaro, hali ya hewa, marehemu na mafua, na kwa kila shtaka kamati ina ungamo langu mwenyewe, limesikiwa na watu wazima wenye akili zao. Hukumu ikiwa mbaya, bustani atapewa mtu mwingine. Nitabaki ndani na jiko, nikimsubiri mke wangu arudi ili niwe na mtu wa kumwambia pole na kazi. Nakwambia kweli, kunyang'anywa maharage nitavumilia. Ila jana nilimwona Bwana Ngazi ameokota konokono mkubwa ajabu, wa kuitisha mkutano. Alimgeuza geuza kiganjani, akatazama upande wa uzio wangu, akaghairi, akamweka chini.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo. Kwanza, neno hilo liondolewe katika toleo lijalo, au liwekewe pembeni picha ya fuvu, kama ile ya kwenye kopo la sumu ya panya. Pili, ofisi yako imwandikie mwenyekiti kumthibitishia kwamba watu wanaosema lugha yetu hawana uwezo wa kuleta sakitu, na kama tungekuwa nao tusingeupeleka kwenye nyanya. Tatu, ikiwa hayo mawili ni mazito, basi uwasiliane na wakubwa wa lugha ya huku wakubali kuliazima neno pole lenyewe, zima zima, na wakae nalo kwa muda wowote watakaopenda. Sisi hatutapungukiwa. Nyumbani tunalo la kutosha; kuna watu wanalisema hata kwa televisheni.

Sikulaumu wewe binafsi. Kamusi yako ni nzuri. Ni zawadi ya shemeji yangu, jalada gumu, karatasi nyembamba laini kama ya vitabu vya ibada, na nimeitegemea kuliko nilivyomtegemea mke wangu, jambo ambalo ameliona. Nisalimie wasaidizi wako wote, mpiga chapa, mfagizi, na hasa yule aliyeshughulikia herufi P; mwambie simwekei kinyongo, na kama alikuwa mgonjwa siku hiyo, pole yake.

Ni mimi, nisiye na hatia hata moja,

Mume wa Mhandisi wa Maji

Baada ya kuandika:

Barua hii ilikuwa imekwisha gundiwa, ikimsubiri mleta barua apate ujasiri wa kusimama. Nimeifungua tena kwa sababu kikao kimefanyika.

Mwenyekiti alisoma mashtaka, mafua yakiwa ya mwisho, na pua yake bado ni shahidi. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi kama nilivyoagizwa. Akasimama Bwana Ngazi, na kwa mazoea akapanda juu ya benchi. Alisema: "Ngazi ile nimeanguka nayo mara chungu nzima. Ninyi nyote mmeniona, mkageuza shingo. Huyu peke yake ndiye aliyesema kitu." Akashuka. Mama Bata akadakia kutoka nyuma: "Na bata wangu je? Mlikuja mkanunua mayai, mkaondoka. Huyu kaja na shati la pasi." Kutoka mlangoni, mleta barua alisema kiraka hakijavuja. Hata mmoja wa wenye nyanya alisema lake, kwamba baridi ilikuja ikaunguza kama miaka yote, ila safari hii angalau kuna aliyekuja kuuliza hali.

Mwenyekiti alifikiri sana. Kisha akasema kwamba tangu kamati iundwe hajapata kutokea mtu wa kukubali kosa lolote, wala la bomba la maji lililovunjwa, wala la mbuzi walioingia kwenye karoti, wala la lango linaloachwa wazi kila siku ya Mungu, na kwamba mtu wa namna yangu ni adimu na asipotezwe. Bustani nimeachiwa. Zaidi ya hapo nimeingizwa kwenye kamati, na cheo changu, ambacho ni changu mwenyewe na si cha mume wa mtu, ni Mpokea Lawama. Kazi yenyewe ni nyepesi. Mtu akiungua na pasi, akigombana na nduguye, jembe likimvunjikia mpini, anakuja uzioni ananieleza. Mimi nasema lile neno. Anashusha pumzi, ananisamehe, anarudi kwake amepoa kabisa. Mtaro nao umebaki ng'ambo. Mke wangu amelichora bomba upya, na juzi, akiwa peke yake jikoni, nilimsikia akiucheka hatimaye.

Ngazi imerudi nje. Jioni hii imeegemea ukuta wangu, maana Bwana Ngazi anasema kutoka upande huu konokono wanaonekana vizuri zaidi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakusihi usiguse neno hilo. Fuvu usiweke. Liache kama lilivyo, toleo hata toleo, na yule wa herufi P mpandishe cheo.

Nilitaka kukunakilia namba ya ukurasa ili usikosee mahali pa kutogusa. Nimefungua kamusi. Inatoka "pima" na kuangukia "pumbaa". Karatasi za katikati hazimo. Naona zilikwenda jikoni wiki ile ya kwanza, kabla sijafika huko kusoma. Nimemuuliza mke wangu, basi lile neno nililitoa wapi.

Anasema alinifundisha yeye, ndani ya ndege, nilipomkanyaga mguu.